Ukili na Ubao: Hisabati Iliyo Mikononi mwa Watoto

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma)



Somo la Hisabati limekuwa kilio cha muda mrefu katika shule za nchi hii. Katika mitihani ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022 na ya mwaka 2023, watahiniwa waliofaulu somo hilo hawakuzidi sana robo ya wote walioketi kulifanya. Kila matokeo yanapotangazwa, sababu zile zile hutajwa: walimu wa somo hili ni wachache, vitabu havitoshi, madarasa yamejaa. Sababu hizo ni za kweli, na hakuna anayepaswa kuzibeza. Lakini iko sababu nyingine ambayo haitajwi mara kwa mara, nayo haihitaji fedha za kigeni ili kurekebishwa. Sababu hiyo ni mazoea ya kumpokea mtoto shuleni kana kwamba ni debe tupu lililoletwa kujazwa, na kuyaacha nje ya mlango wa darasa yale yote ambayo mikono yake imekwisha kujifunza nyumbani.

Mfano ulio wazi kabisa wa jambo hili ni kazi za jadi za kusuka, kufuma na kutarizi. Msichana wa Pemba, wa Mafia au wa Kilwa anaweza kukaa na bibi yake barazani jioni nzima akisuka ukili wa rangi tatu pasipo kukosea hata uchane mmoja. Kesho yake asubuhi msichana huyo huyo husimama mbele ya ubao, akaulizwa juu ya vigawe vya 4 na vya 6, akanyamaza. Mwalimu huandika kwamba mtoto ni mzito wa hesabu. Hakuna aliyemwambia mtoto, wala aliyemwambia mwalimu, kwamba vigawe vya 4 na vya 6 ndivyo alivyokuwa akivisuka jana.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza uhusiano huo jinsi ulivyo, pasipo kuutia chumvi, na kuonyesha kazi ambayo uhusiano huo unamdai mwalimu.

KAZI YENYE HISTORIA

Hapana budi kwanza kuondoa kasumba. Wakoloni waliziita kazi hizi "kazi za mikono", wakimaanisha kwamba kichwa hakimo. Jina hilo lilibaki katika ratiba za shule hata baada ya wao kuondoka, na kipindi chake kikawa kipindi cha kupumzisha akili, au mahali pa kuwapeleka wanafunzi walioshindwa masomo "ya maana".

Historia haikubaliani na dharau hiyo. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa katika mji huo zilisafirishwa hadi Misri. Huko Kilwa Kisiwani, wachimbuaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Neville Chittick walipata vitufe bapa vyenye tundu katikati, vilivyochongwa kutokana na vigae, ambavyo vilitumika kusokotea uzi wa pamba. Huko Ufipa, mbali na pwani, wafumaji waliendelea kufuma nguo za pamba hata katika karne ya 19. Ufumaji huo haukufa kwa sababu watu walikosa akili ya kuuendeleza. Ulisongwa na nguo za kiwandani kutoka ng'ambo. Baada ya mkataba wa biashara uliotiwa saini mwaka 1833 baina ya Sultani Seyyid Said na Marekani, nguo nyeupe za pamba zilimiminika kwa wingi, hata zikapata jina la nchi zilikotoka: merikani.

Kitu kimoja hakikuweza kununuliwa wala kufutwa na biashara hiyo, nacho ni vipimo. Fundi wa nguo wa mwambao alipima kwa shubiri, kwa mkono, kwa wari na kwa pima. Shubiri mbili ni mkono mmoja. Mikono miwili ni wari mmoja. Wari mbili ni pima moja. Basi pima moja ni wari 2, ni mikono 4, ni shubiri 8. Mwalimu atazame vizuri mpangilio huo: 1, 2, 4, 8. Kila kipimo ni maradufu ya kilichotangulia. Mtoto anayejua kwamba robo ya pima ni mkono, na nusu ya mkono ni shubiri, amekwisha kukutana na sehemu 1/2, 1/4 na 1/8 juu ya mwili wake mwenyewe, kabla hajaziona katika kitabu. Ni kweli kwamba mikono ya watu hailingani urefu, na ndiyo maana dunia ikahitaji mita. Lakini hilo nalo ni somo zuri la hisabati: watoto wawili wapime mkeka mmoja kwa mikono yao, wapate majibu mawili, kisha waulizwe kwa nini.

HESABU YA UKILI

Mkeka wa mwambao hausukwi mzima kwa mara moja. Majani ya mkindu hukaushwa, huchanwa kuwa chane nyembamba, baadhi hutiwa rangi, kisha chane hizo husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu. Kili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upatikane. Katika kazi hiyo mna hatua tatu za hisabati.

Hatua ya kwanza ni idadi. Msusi huamua tangu mwanzo achukue chane ngapi, kwa maana idadi ya chane ndiyo inayoamua upana wa ukili na nakshi itakayoweza kutokea. Chane zikipitishwa juu ya mbili na chini ya mbili, mpangilio hurudi palepale kila baada ya chane 4. Nakshi nyingine hurudi kila baada ya chane 6. Sasa na tuchukue kikapu cha mviringo, ambacho mzunguko wake hufunga na kurudi ulikoanzia. Msusi akitaka kikapu hicho kiwe na mstari wa nakshi ya 4 na juu yake mstari wa nakshi ya 6, hawezi kuchukua chane 20, maana nakshi ya 6 itakatika kabla ya kufunga. Hawezi kuchukua 30, maana nakshi ya 4 nayo itakatika. Atachukua 12, au 24, au 36. Mwalimu wa darasa la tano analijua jambo hili kwa jina la Kigawe Kidogo cha Shirika, nalo hulifundisha kwa kuorodhesha tarakimu ubaoni. Katika kikapu jambo hilo si orodha ya tarakimu. Ni tofauti baina ya nakshi iliyofunga na nakshi iliyovunjika, na kila mpita njia huiona.

Vivyo hivyo kwa namba shufwa na namba witiri. Kapu linalofumwa kwa utepe mmoja unaozunguka bila kukatwa, ukipita juu ya ubavu mmoja na chini ya unaofuata, lazima liwe na mbavu za idadi witiri. Mbavu zikiwa 16, utepe katika mzunguko wa pili utapita juu pale pale ulipopita juu mwanzo, na kapu halitashikana. Zikiwa 17, mzunguko wa pili utakuwa kinyume cha wa kwanza, na kapu litakaza. Mtoto aliyewahi kufumua kapu kwa kosa hilo hatasahau kamwe tofauti ya shufwa na witiri.

Hatua ya pili ni umbo. Nakshi za ukili hujirudia kwa mpango. Nyingine husogea mbele tu bila kugeuka. Nyingine upande wa kulia ni kivuli cha upande wa kushoto, kama uso katika kioo. Nyingine ukizigeuza juu chini hubaki vile vile. Huo ndio ulinganifu, nao ni mada nzima katika muhtasari wa Hisabati. Mwalimu hahitaji kuchora kipepeo ubaoni, kama ilivyo desturi, ili kuufundisha. Awaambie watoto walete ukili, kawa au kipepeo cha mkono kutoka nyumbani, wautafute mstari wa ulinganifu kwa kidole.

Hatua ya tatu ni eneo. Tuseme ukili una upana wa sentimita 10, na mtu anataka mkeka wenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2. Atahitaji vipande 12 vya ukili, kila kimoja mita 2, yaani mita 24 za ukili, ikiwa upotevu wa mshono hautahesabiwa. Mita 24 hizo hizo zinaweza kutoa mkeka wa vipande 8 vya mita 3, au wa vipande 16 vya mita 1.5. Mikeka yote mitatu ina eneo moja, mita za mraba 2.4. Lakini pindo la kuizunguka si moja. Mkeka wa kwanza unahitaji pindo la mita 6.4, wa pili mita 7.6, na wa tatu mita 6.2. Kwa nini maumbo yenye eneo moja yawe na mizingo tofauti, na ni umbo lipi linalokula pindo dogo kuliko yote? Hilo ni swali ambalo watu wazima wenye shahada wameshindwa kulijibu kwa haraka, na hapa limo katika mkeka wa kulalia.

KOFIA NA DUARA

Kazi ya kutarizi kofia za mkono, ambayo Zanzibar na Lamu zinajulikana nayo, ina hesabu zake. Kofia ina sehemu mbili: duara la juu, na mzunguko wa kitambaa unaosimama pembeni. Mzunguko huo hufuata kipimo cha kichwa, na duara lazima lilingane nao, ama sivyo kofia itapwaya au itajikunja. Kichwa chenye mzingo wa sentimita 56 kinadai duara lenye kipenyo cha karibu sentimita 18. Mwanafunzi akigawa 56 kwa 22/7 atapata jibu hilo. Mshonaji hulipata kwa mazoea, lakini uwiano anaoutii ni ule ule.

Kisha huja maua. Ua moja likiwa na upana wa sentimita 4, mzingo wa 56 hubeba maua 14 kamili. Kichwa cha mteja mwingine kikiwa na sentimita 58, maua 14 huacha pengo la sentimita 2, na maua 15 hayaenei. Mtarizi hulazimika kuamua: alipanue kila ua kidogo, au agawe pengo lile katika nafasi 14 zilizo baina ya maua. Hayo ni maamuzi ya kugawanya na ya kukadiria, na yote hufanywa kabla ya sindano kuchoma kitambaa.

Katika kazi zote hizi liko jambo moja ambalo mwalimu yeyote atalitamani. Kosa halifichiki. Katika daftari, mtoto huandika jibu akasubiri kalamu nyekundu ya mwalimu imwambie kama amepata au amekosa. Katika ukili, uchane mmoja ukipita mahali pasipo pake, nakshi yenyewe hulia. Mtoto hulitafuta kosa kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, hufumua, husuka upya. Hana haja ya kuambiwa. Tabia hiyo ya kujikagua na kurudi kwenye chanzo cha kosa ndiyo moyo wa hisabati, nayo ndiyo inayokosekana zaidi katika madarasa yaliyozoea kukariri.

USHAHIDI WA NCHI NYINGINE

Ndugu Walimu,

Fikra hizi hazikuanza leo, wala si za nchi moja. Mwaka 1973 Claudia Zaslavsky, mwalimu wa Hisabati wa Marekani, alitoa kitabu kiitwacho Africa Counts kilichokusanya habari za kuhesabu, za michezo na za nakshi katika Afrika. Mwaka 1984, katika mkutano wa kimataifa wa elimu ya hisabati uliofanyika Adelaide, Australia, Ubiratan D'Ambrosio wa Brazili alieleza wazo la etnohisabati, yaani hisabati kama inavyoishi katika shughuli za kila jamii.

Lakini kazi iliyo karibu zaidi na nchi hii ilifanyika ng'ambo ya Ruvuma. Baada ya Msumbiji kujikomboa mwaka 1975, ilijikuta na walimu wachache mno wa Hisabati, na wengi wa wanafunzi wao waliamini kwamba somo hilo ni mali ya Mreno. Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha huko hadi kufariki kwake mwaka 2014, alianza kuchunguza vikapu, mitego na mikoba ya wananchi. Huko Inhambane aliichunguza mikoba ya kusuka iitwayo sipatsi. Hisabati inafundisha kwamba nakshi zinazojirudia katika utepe haziwezi kuwa na aina zaidi ya 7 za ulinganifu. Gerdes alizikuta aina zote 7 katika mikoba hiyo. Aidha, alichukua kifungo cha kusuka kinachofunga kifuniko cha kikapu kusini mwa Msumbiji, akaonyesha jinsi mistari yake, ikichorwa ubaoni, inavyomwongoza mwanafunzi hadi kwenye Nadharia ya Pythagoras.

Gerdes hakudai kwamba kila msusi ni mwanahisabati. Alieleza kwamba mtu anayeiga ufundi uliokwisha kuwapo huenda hafanyi hisabati yoyote, lakini yule aliyeugundua ufundi huo kwa mara ya kwanza alikuwa akifikiri kihisabati. Hisabati hiyo imeganda ndani ya kikapu. Kazi ya mwalimu ni kuiyeyusha.

DARAJA HALIJIJENGI LENYEWE

Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili, na hapa ndipo washabiki wengi wa utamaduni wanapokosea. Wao hudhani kwamba kuleta mikeka darasani kunatosha. Utafiti hauwaungi mkono.

Patricia Greenfield, mwanasaikolojia wa Marekani, alifanya utafiti miongoni mwa Wamaya wa Zinacantán, katika jimbo la Chiapas nchini Meksiko, mwaka 1969 na 1970, akarudi tena katika miaka ya 1990. Wasichana wa huko hufuma nguo kwa kitanda cha mfumi kinachofungwa kiunoni. Waliopewa vijiti vya rangi ili waonyeshe nakshi ya nguo wanayoifahamu, wasichana wafumaji waliipanga uzi kwa uzi, kwa uchambuzi ambao wavulana wasiofuma hawakuwa nao. Greenfield aliona pia kwamba wasichana wadogo hupewa kitanda cha kuchezea, ambacho urefu wa nyuzi unaoonekana ndio urefu wa nguo. Wakikua huhamia kwenye chombo cha watu wazima, ambacho uzi huzungushwa katika vigingi kwa namna ambayo urefu unaoonekana sio utakaopatikana. Msichana hana budi kuukunjua uzi akilini mwake kwanza. Kina mama wa Zinacantán hawakusoma kitabu cha saikolojia, lakini walijua ni umri gani akili ya mtoto iko tayari kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, utafiti ule ule ulionyesha mpaka. Wasichana hao walipopewa nakshi ngeni, ambazo hazimo katika nguo zao, ufundi wa kufuma peke yake haukuwapa ushindi. Na Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewachunguza mafundi cherehani wa Kivai na wa Kigola mjini Monrovia, Liberia, katika miaka ya 1970, aliona jambo linalofanana. Wanagenzi walijifunza kwa mpango mzuri: walianza na kofia na nguo za ndani za watoto, wakaishia na suti. Walijifunza kushona kabla ya kukata, ili waone kwanza jinsi vipande vinavyokutana. Hesabu za kazini walizimudu. Lakini hesabu za karakana hazikuhamia kwa urahisi kwenye maswali ya shule, na hesabu za shule nazo hazikuhamia kwa urahisi karakanani.

Maana yake ni wazi. Kati ya ukili na ubao kuna mto. Mtoto hauvuki kwa sababu tu amezaliwa katika nyumba ya wasusi. Huuvuka pale mtu anapomsimamisha na kumwuliza: "Kwa nini umechukua chane 24? Ungechukua 26 ingekuwaje? Idadi gani nyingine zingefaa? Unaweza kuandika kanuni yake?" Swali la kwanza liko upande wa mkeka. Swali la mwisho liko upande wa hisabati. Maswali ya katikati ndiyo daraja, na fundi wa daraja hilo ni mwalimu.

PINGAMIZI

Zipo pingamizi zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani hauulizi habari za mikeka. Ni kweli, mtihani hauulizi mikeka. Huuliza vigawe, ulinganifu, mzingo na eneo, ambavyo vyote vimo mkekani. Kipindi kimoja kinachoeleweka kinaokoa vipindi vitatu vya kurudia.

Pingamizi ya pili husema kwamba huku ni kuwarudisha watoto nyuma wakati dunia inakwenda mbele. Waulizaji hawa wakumbuke kwamba mashine ya kufuma ya Mfaransa Joseph-Marie Jacquard, ya mwanzoni mwa karne ya 19, iliongozwa na kadi zenye matundu zilizoamua uzi upi uinuke na upi ushuke, na kadi za namna hiyo zilikuja kutumika katika mashine za kuhesabia na katika kompyuta za awali. Juu au chini, tundu au hapana tundu: ndiyo lugha ya mfumaji, na ndiyo lugha ya kompyuta.

Pingamizi ya tatu ina uzito zaidi. Kuna hatari kwamba shule, kwa kisingizio cha utamaduni, itawafanya watoto, hasa wasichana, kuwa vibarua wa kusuka mikeka ya kuuza. Jambo hilo likatazwe bila kigugumizi. Mkeka huingia darasani ili uulizwe maswali, haungii ili uongeze mapato ya shule. Na maswali hayo waulizwe wavulana na wasichana kwa pamoja.

LA KUFANYA

Mwezi Machi mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomfundisha kijana kwamba elimu yote yenye thamani imo vitabuni au kwa wasomi, na kwamba wazee wa kijijini kwake hawana la kumfundisha. Onyo hilo lina uzito mpya sasa, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Uamuzi huo ni mzuri. Lakini amali ikifundishwa pasipo hisabati yake, mkondo huo utageuka kuwa jaa la walioshindwa, kama kilivyokuwa kipindi cha kazi za mikono wakati wa mkoloni. Nayo hisabati ikiendelea kufundishwa pasipo amali, itaendelea kuwa kilio. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Kwa hiyo mambo manne yanafaa kutendwa.

Kwanza, kila mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi aorodheshe kazi za jadi za kusuka, kufuma na kutarizi zilizopo katika kijiji au mtaa wa shule yake, na kila mada mpya aitafutie mahali pake katika kazi hizo kabla ya kuandika kanuni ubaoni. Pasipo na mikeka pana vikapu. Pasipo na vikapu pana vitambaa vya kufuma kwa sindano, au kusuka nywele, ambako nako kuna mafungu, mistari na ulinganifu.

Pili, vyuo vya ualimu viwafunze wanachuo kuuliza maswali ya daraja. Mwalimu hahitaji kujua kusuka. Anahitaji kujua la kumwuliza anayejua kusuka.

Tatu, maofisa elimu na maofisa utamaduni wa wilaya wawakaribishe mafundi shuleni kama walimu, kwa heshima na posho inayostahili. Mtoto akimwona bibi wa kijiji amesimama darasani na mwalimu wa Hisabati ameketi akimsikiliza, atakuwa amefundishwa jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulieleza.

Nne, jambo hili lifanywe upesi. Mkeka wa plastiki umekwisha kuingia karibu kila nyumba, na nakshi yake imepangwa na mashine. Watu wana haki ya kununua mkeka wa bei nafuu. Lakini kila msusi anapoacha kazi bila ya kuwa na mwanafunzi, sababu ya kuchukua chane 24 badala ya 26 huondoka pamoja naye. Zana za kufundishia zitanunuliwa tena bajeti ikiruhusu. Hii haina duka.

Ndugu Walimu, taifa linahitaji wahandisi, wahasibu, mafundi na wakulima wanaojua kupima. Wengi wao sasa wamo katika madarasa ya msingi, na wengi wamekwisha kukata tamaa na somo linalowafungulia milango hiyo. Wasiachwe waamini kwamba hesabu ni jambo geni kwao. Waulizwe juu ya kazi za mikono yao, kisha wapewe chaki waandike majibu yao ubaoni.